Siku Moja ya Kuvua katika Ziwa Edward

1. Ziwa chini ya milima

Mtu akitoka Kayna na kushika njia ya kusini, hufika Kanyabayonga. Hapo milima hukatika ghafula, na njia hushuka kwa kona nyingi mpaka uwanda mpana wa Rwindi. Siku isiyo na ukungu, msafiri husimama juu ya mteremko akaona mbali chini kitu king'aacho kama bati jipya. Hilo ni ziwa Edward.

Ziwa hili ni kubwa. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,300 hivi. Karibu sehemu saba katika kumi ni za Kongo, na zilizobaki ni za Uganda. Upande wa Kongo, chini ya milima, kina cha maji hupita mita 110. Mito ya Rutshuru, Rwindi na Ishasha huleta maji ziwani. Mto mmoja tu huyatoa, nao ni Semliki, utokao pale Ishango, upande wa kaskazini. Semliki huenda mpaka ziwa Albert, na toka huko maji hufuata mto Nile mpaka nchi ya Misri na baharini.

Mwaka 1889 msafiri Stanley alilipa ziwa jina la Edward, mwana wa malkia wa Uingereza. Lakini watu walivua humo zamani sana kabla ya Stanley. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba udongo pale Ishango. Akapata vyusa vya mfupa vyenye meno ya kushika samaki. Akapata pia mfupa mdogo wenye mistari mingi iliyochanjwa, kana kwamba mtu alikuwa akihesabu. Wataalamu husema mfupa huo una umri wa miaka 20,000 hivi.

Tangu siku hizo watu wanakula samaki wa ziwa hili. Mbona samaki hawajakwisha? Na je, wanaweza kwisha? Habari ya wavuvi watatu itatoa jibu.

2. Wavuvi na mtumbwi wao

Wanande huwapa watoto majina kwa mpango wa kuzaliwa. Mvulana wa pili huitwa Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Majina hayo husikika katika kila kijiji, na wavuvi watatu wa somo hili wanaitwa hivyo.

Kambale na Kasereka walikuwa rafiki tangu walipokaa kwenye benchi moja la shule. Walipokuwa watu wazima walinunua mtumbwi wa mbao pamoja, wakawa wavuvi wa Vitshumbi, kijiji kilichoko pwani ya kusini ya ziwa. Kakule alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, mwana wa dada yake Kambale. Alikaa Kayna na mama yake. Katika likizo kubwa alishuka ziwani kumsaidia mjomba wake, maana fedha za masomo za mwaka uliofuata zilikuwa hazijapatikana. Katika miaka ya vita njia ya Vitshumbi ilifungwa mara nyingi. Likizo hiyo njia ilikuwa wazi.

Upande wa Kongo ziwa lote limo ndani ya hifadhi ya Virunga, iliyowekwa mwaka 1925 kwa jina la hifadhi ya Albert. Kwa hiyo uvuvi una sheria zake. Vijiji vitatu vya wavuvi vilikubaliwa: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Kila mtumbwi wa halali hupewa namba. Jicho la wavu, likivutwa, halipasi kuwa dogo kuliko inchi 4 na nusu, yaani zaidi kidogo ya sentimita 11. Samaki mkubwa hunaswa. Samaki mdogo hupita katika jicho kama mtoto apitavyo mlangoni.

3. Alfajiri

Jioni walikuwa wametega nyavu zao kumi. Juu ya kila wavu kulikuwa na vyelezo vya kuushika usizame, na chini kulikuwa na chubwi za kuuvuta usielee. Usiku kucha nyavu zilisimama majini kama ukuta usioonekana.

Saa kumi za usiku Kambale alimwamsha Kakule. Kulikuwa na baridi. Ndege wakubwa waitwao korongo walikuwa wamesimama pwani kama wazee wenye makoti, wakingoja matumbo ya samaki. Wavuvi walifanya ishara ya msalaba, wakasali kwa kifupi, wakausukuma mtumbwi majini. Kasereka alishika mota nyuma. Kambale alikaa mbele. Kakule alikaa katikati, na kazi yake ilikuwa kufua maji kwa upo.

Hawakwenda mbali, mara Kambale aliinua mkono. "Zima mota," akasema. Akapiga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, ko, ko, ko. Vichwa vinne vyeusi vilitokea mbele yao, vikapumua kwa kishindo.

"Viboko," akasema Kambale. "Mtumbwi usipite kamwe kati ya kiboko na maji ya kina. Akiona njia yake imefungwa, atakupindua."

Wakazunguka polepole. Kakule akauliza, "Mjomba, mbona wanyama wabaya hivi hawauawi wote?"

"Waliuawa karibu wote," akajibu Kambale. "Nilipokuwa mdogo, ziwa lilijaa viboko."

Na ni kweli. Katika miaka ya 1970 viboko wa hifadhi ya Virunga walihesabiwa kuwa zaidi ya 25,000. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Watu wenye bunduki waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Hasara hiyo iliwapata wavuvi pia. Kiboko hula majani nchi kavu usiku, na mchana huacha kinyesi majini. Kinyesi hicho hulisha mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, na mimea hiyo ni chakula cha tilapia. Kiboko akipungua, mbolea ya ziwa hupungua.

4. Samaki mwenye watoto kinywani

Jua lilipochomoza walifika kwenye nyavu. Kambale alivuta, Kasereka alitoa samaki, Kakule alikunja. Wavu wa kwanza ulikuwa na tilapia wawili. Wa pili haukuwa na kitu. Wa tatu ulikuwa na semutundu mmoja, samaki asiye na magamba, mwenye sharubu ndefu. Wa nne ulileta kambare mweusi mwenye kichwa kipana.

Kasereka akacheka. "Kambale amemvua ndugu yake Kambare! Mpe mkono, ulizeni habari za nyumbani!"

Hata Kambale alicheka. Lakini wavu wa tano ulikuwa mtupu, na wa sita vilevile.

"Hata Petro mtakatifu alikesha usiku mzima bila kupata kitu," akasema Kasereka.

Wavu wa kumi ulikuwa umetegwa karibu zaidi na pwani, upande wa ghuba ya Kamandi. Humo kulikuwa na tilapia wa kike, mkubwa kama sahani. Kasereka alipomshika, kinywa chake kilifunguka, na vitu vidogo vikamwagika katika maji yaliyokuwa chini ya mtumbwi. Kakule akainama. Vilikuwa visamaki, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole, na macho yao yalikuwa makubwa.

"Amewameza!" akapaza sauti. "Amewala watoto wake!"

"La," akasema Kambale. "Alikuwa akiwalea."

Tilapia hulea watoto kwa namna ya ajabu. Dume huchagua mahali penye maji machache na mchanga laini, mbali na mawimbi. Hapo huchimba shimo la duara kwa kinywa chake. Jike huja akataga mayai shimoni, kisha huyachukua yote kinywani mwake. Siku chache baadaye mayai huanguliwa, lakini mama hawaachi watoto upesi. Wakianza kuogelea, huwatoa wacheze karibu naye. Adui akija, hufungua kinywa, nao wote hukimbilia ndani. Siku hizo zote mama hali chakula ila kidogo sana.

Kambale hakusema mengi. Alichukua upo, akateka maji pamoja na visamaki, akampa Kakule. "Washike vizuri," akasema. Mama yao alikuwa amekwisha kufa.

Walihesabu samaki wa nyavu zote kumi. Tilapia kumi na wawili, semutundu wawili, kambare mmoja. Haikuwa nyingi kwa watu watatu na mafuta ya mota.

5. Katika ghuba

Wakati huo wingu jeusi lilikuwa limepanda juu ya milima ya magharibi. Upepo ulianza kwa ghafula. Maji yaliyokuwa laini kama mafuta yakawa milima midogo yenye vichwa vyeupe, na maji yakaingia mtumbwini.

"Fua maji!" Kasereka akaita.

Kakule alitazama upo. Visamaki vilikuwamo ndani yake. Kwa dakika moja hakujua la kufanya. Kisha akaona sufuria yao ya kupikia, akavimimina humo, akaifunika kwa kofia yake, na kuibana kati ya magoti. Halafu akafua maji kwa nguvu zote.

Kasereka aliugeuza mtumbwi kuelekea ghubani. Ghuba ni mahali ambapo maji ya ziwa yameingia ndani ya nchi kavu. Walipopita ncha ya nchi, upepo ukakatika kana kwamba mtu amefunga mlango. Ndani maji yalikuwa matulivu. Matete na mafunjo yalisimama pembeni, na ndege wadogo walilia humo.

Wakafunga mtumbwi kwenye matete, wakangoja. Walikula mihogo ya jana. Mvua ilipita, lakini nje ya ghuba mawimbi yalikuwa bado makubwa.

Kakule akatazama chini. Chini ya maji, juu ya mchanga, aliona mashimo ya duara, moja kando ya jingine kama sahani mezani. Juu ya kila shimo alisimama tilapia. Walikuwa wengi, wala hawakumwogopa. Mbali kidogo aliona mtumbwi mwingine usio na namba. Watu wake walikuwa wakivuta wavu wenye macho madogo kama ya kyandarua, na beseni lao lilikuwa limejaa samaki wadogo kama vidole.

"Mjomba," akasema Kakule kwa sauti ndogo, "nyavu tunazo. Tutege hapa saa moja tu. Nitapata fedha zote za masomo leo, nami sitakusumbua tena."

Kambale alinyamaza. Kasereka akasema, "Mtoto hasemi vibaya. Nyumbani watu hula leo, hawali mwaka ujao. Na Petro naye alitupa wavu mara ya pili, akajaza mitumbwi miwili."

"Petro alitupa kwa sababu Bwana alimwagiza," akajibu Kambale. "Sisi tumeagizwa na nani?"

Kasereka akatazama pembeni.

"Njaa si uongo," Kambale akaendelea. "Wale ndugu wana watoto kama sisi, nami siwezi kuwahukumu. Sikiliza, mwanangu. Miaka ya vita mimi mwenyewe nilitupa wavu mdogo hapa ghubani. Siku tatu nilijaza mtumbwi huu mpaka ukakaribia kuzama. Niliwauza kwa beseni, bei ya bure, kwa kuwa walikuwa mifupa tu. Wengi wetu tulifanya hivyo. Mwaka uliofuata nilitega nyavu zangu huko nje, usiku kwa usiku, nazo zilirudi na majani. Nilidhani samaki wamehama. Hawakuhama. Nilikuwa nimewala kabla hawajakua."

Akanyosha mkono. "Nipe ile sufuria."

Kakule akaondoa kofia. Visamaki vilikuwa hai. Vingine vimekufa, lakini vingi vilizunguka upesi upesi, vikitafuta kinywa ambacho hakikuwapo tena. Kambale akamrudishia Kakule sufuria. Kijana akainama, akaiingiza majini polepole kati ya matete. Visamaki vikasita, kisha vikaingia gizani chini ya mizizi.

Hakuna aliyesema neno. Kakule hakuomba tena kutega nyavu.

6. Kurudi

Saa nane upepo ulitulia, wakarudi Vitshumbi. Wanawake walikuwa wakingoja pwani na visu na chumvi. Samaki walipimwa kwenye mizani, uzito ukaandikwa, na wavuvi wakapata fedha zao. Kwanza walitoa fungu la mafuta na la kutengeneza nyavu. Kilichobaki kiligawanywa sawa, maana hivyo ndivyo walivyopatana wale rafiki wawili tangu mwanzo, na mtoto asipunjwe.

Kakule alipata fedha kidogo na samaki wawili. Aliwapasua, akawatia chumvi, akawaanika juani mpaka wakawa makayabo mazuri. Siku ya Jumamosi akapanda lori la kwenda juu milimani.

Kayna mama yake alimpokea kwa furaha. Alipika samaki mmoja kwa ugali na sombe. Baada ya kula alihesabu fedha mezani, akazihesabu mara ya pili. Zilipungua karibu nusu.

"Je, ndizo hizi tu?" akauliza.

Kakule akamweleza habari yote: viboko, upepo, mtumbwi usio na namba, na mama samaki aliyebeba watoto kinywani. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akafunga fedha katika kitambaa, akaziweka chini ya sanamu ya Bikira Maria.

"Likizo haijaisha," akasema.

"Jumatatu nitashuka tena," akajibu Kakule.

Wazee husema: Akiba haiozi. Mkulima hali mbegu zake zote, hata mwaka wa njaa. Ghuba yenye maji matulivu ni ghala ya mbegu za ziwa. Mvuvi hujificha humo wakati wa dhoruba, na samaki vilevile huwaficha humo watoto wao.

Maana ya maneno

Chusa (vyusa): silaha yenye ncha na meno, ya kuchomea samaki.
Chelezo (vyelezo): kitu chepesi kielecho, cha kushika wavu juu.
Chubwi: kitu kizito cha kuzamisha wavu au ndoana.
Jicho la wavu: tundu kati ya nyuzi za wavu.
Kufua maji: kuteka na kumwaga nje maji yaliyoingia mtumbwini.
Upo: chombo cha kufulia maji.
Mafunjo: mimea mirefu imeayo pembeni mwa maji.
Kupunja: kumpa mtu kidogo kuliko haki yake.

Maswali

1. Ni mito gani iletayo maji katika ziwa Edward? Ni mto gani uyatoao?
2. Jean de Heinzelin alipata nini pale Ishango mwaka 1950?
3. Kwa nini jicho la wavu halipasi kuwa dogo kuliko inchi 4 na nusu?
4. Eleza jinsi kiboko anavyosaidia tilapia kupata chakula.
5. Tilapia wa kike huwalinda watoto wake namna gani?
6. Wakati wa mawimbi Kakule alifanya nini kwa visamaki? Kwa nini hakuvimwaga tu?
7. Kasereka alisema, "Nyumbani watu hula leo, hawali mwaka ujao." Je, alisema kweli? Kambale alimjibu nini?
8. Wewe ungalikuwa Kakule, na fedha za masomo hazijatosha, ungalifanya nini pale ghubani?

Kazi

Chora ramani ya ziwa Edward. Onyesha Vitshumbi, Kyavinyonge, Nyakakoma, Ishango na mto Semliki. Kisha muulize mzee wa kwenu: zamani samaki wa ziwa walifika sokoni kwa njia gani, na ukubwa wao ulikuwaje? Andika majibu yake kwa mistari kumi.